Debian 13 kwenye laptopu za mitumba: maoni ya mwalimu wa Lurambi

Nitoe uamuzi wangu mapema, maana anayesoma habari kama hizi mara nyingi tayari ana laptopu mezani na flashi mkononi. Kama unajifunza kuandika programu na intaneti yako unainunua kwa bando, weka Debian, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux unaokaa mahali pa Windows. Ubuntu imezaliwa na Debian na Mint imezaliwa na Ubuntu, nami sina ugomvi nazo, lakini kwa hali yetu hapa magharibi mwa Kenya ninamchagua nyanya mwenyewe. Sababu yangu haihusu bei. Windows nyingi ninazoziona hapa Lurambi, Kakamega, hazikulipiwa vilevile, kwa hiyo kumwambia kijana kwamba mfumo ni wa bure hakumshtui. Ninachokipenda ni kwamba Debian inakubali kupakuliwa mara moja, kuwekwa akiba, kugawiwa jirani, kisha ikafanya kazi mchana kutwa bila kuuliza intaneti iko wapi.

Mimi ni mwalimu. Jumamosi na wakati wa likizo nafundisha vijana C na Python katika chumba cha kupanga, si mbali na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wengine ni wanachuo, wengine wamemaliza kidato cha nne na wanangoja. Mmoja ni fundi wa pikipiki kutoka Shinyalu ambaye kichwa chake cha hesabu kinawapita wengi niliowahi kuwafundisha shuleni. Mashine zetu ni mitumba: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad za zamani, na kompyuta za mezani ambazo ofisi fulani iliziondoa. EliteBook yangu niliinunua shilingi elfu 21, ina RAM ya gigabaiti 8 na SSD ya 256. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita, ilhali Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za namna hii, ambazo ndizo zimejaa madukani, zilikosa njia. Debian 13, iliyopewa jina trixie, ilikuwa imetoka tarehe 9 Agosti mwaka huo huo. Tukahamia huko, mashine zote.

Kwenye kusakinisha, watu wengi hupotezwa na uchaguzi wa faili. Tovuti ya Debian inakutangulizia lile dogo, netinst, lisilofika gigabaiti moja. Udogo wake unavutia, lakini sehemu kubwa ya mfumo huvutwa mtandaoni wakati kazi ikiendelea, na bando likikata hapo unabaki na mashine iliyowekwa nusu. Chukua DVD ya kwanza, karibu gigabaiti 4. Ipakue usiku ambapo bando ni nafuu, au mahali penye waifai ya kuaminika, kisha ihakiki kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili, ulinganishe na orodha iliyochapishwa na Debian wenyewe kabla hujaiandika kwenye flashi. Usiruke hatua hii. Faili lililokatika njiani litakusumbua saa mbili baadaye kwa makosa ambayo hayaeleweki. Ukishakuwa nalo zima, faili hilo moja linasimamisha mfumo kamili, eneokazi na vyote, katika nyumba ambayo haijawahi kuona waya wa intaneti.

Kisakinishi kinauliza maswali mengi na karibu yote yanajibika kwa kubonyeza Enter. Moja tu ndilo la kutulia nalo: nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ukiijaza, mtumiaji wako wa kawaida hatapewa sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, na kila maelezo utakayoyasoma baadaye yanayoanza na neno sudo yatakugomea. Ukiiacha wazi, wewe mwenyewe unapewa sudo. Iache wazi.

Jambo la pili linawangoja waliosakinisha kutoka DVD. Ukitaka kuongeza programu, apt, chombo cha Debian cha kusakinisha programu, itakuambia uingize diski, hata kama laptopu yako haina mlango wa diski. Fungua faili la /etc/apt/sources.list, weka alama ya # mbele ya mstari unaoanza na deb cdrom, na uhakikishe kuna mistari ya deb.debian.org ya trixie, ya masasisho na ya usalama. Hili lingepaswa kutatuliwa na kisakinishi chenyewe. Mtu anayeanza hana namna ya kulijua, nami nimeona vijana wazuri wakirudi Windows kwa ajili ya mstari mmoja.

Waifai ya Intel iliyomo kwenye EliteBook na ThinkPad nyingi inashika bila kuguswa, kwa kuwa tangu Debian 12 kisakinishi rasmi kinabeba vifirmwea (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya waifai) visivyo huria pamoja na vingine. Zamani ulilazimika kuvitafuta mwenyewe. Chipu za Broadcom bado ni tatizo, hasa kwenye MacBook za zamani na baadhi ya Dell, kwa sababu kwa baadhi yake kifirmwea hakiruhusiwi kugawiwa ndani ya Debian na hupakuliwa baadaye. Hapo chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kupitia USB. Debian inaiona simu kama kadi ya mtandao, unavuta kilichobaki. Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo mashine inapowaka, huna haja ya kuizima, Debian inaikubali tangu toleo la 10.

Eneokazi tunalotumia ni Xfce. Si zuri wa sura, na sitapoteza muda wa msomaji kulitetea. Mashine ikiwaka na kutulia, RAM iliyotumika haifiki gigabaiti moja, na kwenye ThinkPad yenye gigabaiti 4 tu hilo linamaliza mjadala.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Amri ya kwanza ninayowapa wanafunzi ni hii: sudo apt install build-essential gdb git manpages-dev python3-venv python3-doc geany. Amri moja, na umepata kompaila ya C na C++, yaani GCC 14.2, make, kitafuta makosa, Git ya kutunza matoleo ya kazi yako, Python 3.13 yenye uwezo wa kutengeneza mazingira yake, na kihariri chepesi kinachofunguka papo hapo. Anayetaka Java anaongeza default-jdk apate OpenJDK 21. Anayetaka hifadhidata anaongeza postgresql apate toleo la 17. Debian 13 ina vifurushi vya programu karibu elfu 70, na katika miaka yangu ya kufundisha sijaona duka la programu lenye ukubwa huo ambalo kila kilichomo kimejaribiwa kikae pamoja na vingine. Apt yenyewe imefika toleo la 3.0. Sasa inapanga orodha kwa safu, vinavyoingia kwa kijani na vinavyoondolewa kwa nyekundu. Kwa mwanafunzi anayeogopa terminali, lile dirisha la kuandikia amri, rangi hiyo nyekundu imeokoa mengi: anasoma kabla ya kukubali.

Tazama tena vifurushi viwili katika amri ile, manpages-dev na python3-doc. Hivi ndivyo vilivyonifunga kwa Debian. Ukiwa na cha kwanza, unaandika man 3 printf na maelezo kamili ya printf yanatokea, bila mtandao, bila tangazo. Cha pili kinaweka hati zote za Python ndani ya mashine. Unazifungua kwenye kivinjari kama tovuti nyingine yoyote, mafunzo ya mwanzo, maktaba za kawaida, faharasa, vyote. PostgreSQL ina postgresql-doc. Django ina python-django-doc. Nimeishi na wanafunzi ambao tabia yao, programu ikikataa, ilikuwa kutoa simu, kutafuta, kufungua video, na dakika kumi baadaye bando limekwenda na bado hawajui kwa nini programu imekataa. Leo tabia yao ya kwanza ni man. Yule fundi wa pikipiki alisoma ukurasa wa scanf mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, kumbe inarudisha idadi ya vitu ilivyosoma? Mbona hakuna video iliyoniambia?" Swali hilo lilinifurahisha kuliko alama zozote za mtihani. Mtu aliyejua kutafuta jibu kwenye chanzo chake hamtegemei tena mwalimu.

Lingine ni akiba ya vifurushi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu walimu wenzangu wa Kisumu, Bungoma na Busia wananiuliza mara kwa mara. Kerneli mpya (kiini cha mfumo) ya Debian 13 peke yake ni karibu megabaiti 100. Firefox haiko mbali sana nayo. Kila usalama unapohitaji sasisho, mashine kumi zikivuta kerneli hiyo kila moja kivyake, gigabaiti nzima imekwenda kwa kitu kimoja kilekile. Kwa anayelipia bando hiyo ni hasara ya kuumiza. Dawa yake inaitwa apt-cacher-ng, nayo imo ndani ya Debian yenyewe. Unaiweka kwenye mashine moja, sisi tumeiweka kwenye kompyuta ya mezani iliyo pembeni, na inasikiliza mlango namba 3142. Kwenye mashine nyingine unaandika faili dogo, /etc/apt/apt.conf.d/00proxy, lenye mstari mmoja: Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142"; (nuktamkato ya mwisho ni sehemu ya mstari), ukibadilisha anwani iwe ya seva yako. Basi. Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, seva inakivuta mtandaoni na kukihifadhi. Ya pili mpaka ya mwisho zinakipata ndani ya chumba, kwa kasi ya ruta yenu. Ruta haihitaji hata kuwa na intaneti wakati huo.

Wako watakaouliza kama ni salama kupitisha vifurushi kwa http ya kawaida. Ni salama kwa maana iliyo muhimu: orodha za Debian hutiwa sahihi kwa ufunguo wa kidijitali, na apt inakagua sahihi pamoja na alama ya kila kifurushi kabla ya kukiweka. Kikichezewa njiani, kinakataliwa. Lakini seva haiwezi kuhifadhi vinavyoombwa kwa anwani za https, kwa hiyo acha anwani za Debian zibaki http.

Asiye na chumba kama chetu ana njia nyepesi zaidi. Tumia apt-get badala ya apt wakati wa kusakinisha. Apt husafisha mafaili ya .deb baada ya kazi, lakini apt-get huyaacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi, mpe mwenzako wa Malava au Mumias mwenye toleo lilelile, ayaweke kwenye folda hiyo hiyo ya mashine yake. Muda wote orodha zenu zikiwa za wakati mmoja, apt yake itayakuta yapo tayari na haitavuta tena.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaopendekeza Ubuntu kwa kila anayeanza. Ubuntu ya leo inaleta Firefox kwa njia ya snap, aina nyingine ya kifurushi yenye hazina yake, na snap hazipiti kwenye akiba hii. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani haina maana. Kwetu ina maana kubwa. Mint haina snap, na kwa anayetaka tu kuandika barua na kutazama filamu ningemwekea Mint bila kusita.

Kitu kimoja kitakukera wiki ya kwanza, na video nyingi zitakupotosha juu yake. Ukiandika pip install, amri ya kuongeza maktaba za Python, kama ulivyoona mahali, Debian inakataa na kukuonyesha externally-managed-environment. Usidhani umeharibu. Python ya mfumo inatumiwa na programu za mfumo wenyewe, na tangu Debian 12 pip imezuiwa kuingiza mkono humo. Usiongeze ile --break-system-packages unayoshauriwa. Tengeneza mazingira ya mradi wako kwa python3 -m venv mazingira, yawashe kwa source mazingira/bin/activate, kisha pip itafanya kazi kwa uhuru ndani yake, na siku mradi ukikushinda unafuta folda moja tu. Kwa darasa, mashine moja ivute kwa pip download -d akiba flask, halafu wengine wanakili folda ya akiba na kuandika pip install --no-index --find-links akiba flask. Maktaba kubwa kama NumPy, Requests na Django zimo pia kwenye apt kwa majina yanayoanza na python3, na ukitengeneza venv kwa kuongeza --system-site-packages utaziona humo. Naiunga mkono Debian katika uamuzi huu kwa moyo wote. Niliwahi kupokea mashine nyingi za wanachuo ambazo Python yake ilikuwa imechanganyika kiasi kwamba haikujulikana nini kimetoka wapi. Siku hizi hazinijii tena.

Kakamega mvua ya alasiri huja na radi zake, na stima hukatika nayo. Laptopu zina betri, za mezani hazina. Stima ilishakatika tukiwa katikati ya kusakinisha PostgreSQL, kompyuta ikazimika ghafla. Iliporudi, mfumo wa mafaili, ext4, ulijirekebisha kwa kumbukumbu yake, na apt ikagoma ikitaka iandikiwe sudo dpkg --configure -a. Tukaandika, ikaendelea kutoka pale ilipoachia. Data iliyokuwa imehifadhiwa haikupotea. Wanafunzi walishuhudia hilo kwa macho yao, na sikuhitaji kuwaeleza zaidi kwa nini nasisitiza Git: kazi iliyofanyiwa commit, yaani iliyohifadhiwa ndani ya Git, ilikuwa salama, na aliyekuwa hajahifadhi alianza upya.

Kuna malalamiko ninayoyasikia kwamba Debian ina matoleo ya kizamani. Ni kweli kwamba baada ya kutoka, matoleo makuu hayabadiliki. Python itabaki 3.13 katika maisha yote ya trixie, ambayo ni miaka 3 ya masasisho kamili na mingine 2 ya usalama wa muda mrefu. Mimi nalihesabu hilo kuwa zuri. Maelezo niliyochapa kwa kundi la mwaka huu yatafanya kazi kwa kundi la mwakani, amri kwa amri. Lakini anayefanya kazi za JavaScript atabanwa: Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ni ya toleo la 20, na miradi mipya mingi inataka ya juu zaidi, hivyo atalazimika kuileta kutoka nje ya Debian. Npm, kipakuzi cha maktaba zake, nayo inakula bando kuliko kitu chochote ninachokifundisha, na akiba yetu ya apt haimsaidii. Kwa wanaotaka kuunganisha M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom kwa waandishi wa programu, ninawaanzisha kwa Python, Requests na curl, na wanafika.

Android Studio ni habari nyingine. Wenyewe wanataka RAM ya gigabaiti 8 kama kima cha chini, na kiigizaji cha simu kikiwashwa juu yake EliteBook yangu inalemewa. Debian haina kosa hapo, lakini kijana ambaye lengo lake ni programu za simu anunue RAM kwanza kabla ya kubishana kuhusu mfumo. VS Code haimo kwenye hazina ya Debian. Unaichukua kama .deb kutoka kwa Microsoft na inakaa vizuri. Kwa wanaoanza nawaweka kwenye Geany au Thonny, ambazo zote mbili zinakuja kwa apt, mpaka wajue kompaila inafanya nini kabla kihariri hakijawafanyia.

Ningependa pia maelezo ya kwanza ya Debian yaandikwe kwa mtu ambaye hajawahi kufungua terminali. Watu hawa wamekuwa wakijenga mfumo huu kwa kujitolea tangu Ian Murdock alipoutangaza Agosti 1993, na ubora wa kazi yao unaonekana. Ukurasa wao wa kupakua bado unazungumza na mtu anayejua tayari. Sisi tunaofundisha ndio tunaoziba pengo hilo, na ni kazi ninayoifanya kwa furaha, ila si kila mji una chumba kama chetu.

Aliye Lurambi, Amalemba au popote karibu na mji, na ana laptopu ambayo Windows 10 imeiacha njiani, aje Jumamosi na flashi ya gigabaiti 8. Nakala ya DVD iliyohakikiwa ipo, akiba ya vifurushi ipo, na mwenye mashine ndiye atakayeandika amri kwa vidole vyake mwenyewe. Kwanza ahifadhi mafaili yake kwingine, maana diski tutaifuta yote.